Mbishi, Vuka Daraja

Mume wangu alikuwa mbishi. Simsengenyi marehemu, kijiji kizima kinajua. Ukimwambia mvua inakuja, anakwambia hayo ni mawingu ya kupita, na akishalowa anasema hiyo si mvua, ni manyunyu. Ukimwambia mchuzi umezidi chumvi, anaongeza chumvi. Jina lake ni Kou Shunchang, lakini mimi tangu mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwita Mbishi. Alibisha kwamba yeye si mbishi, akabisha na kubisha mpaka jina likamganda.

Alifia Guangzhou, kusini kabisa, alikokwenda kubandika vigae kwenye maghorofa ya watu. Jioni alirudi bwenini na vibarua wenzake, akala, akalala. Asubuhi wakamwita, hakuitika. Daktari alisema ni moyo. Mimi wakati huo nilikuwa kwetu Hebei, kaskazini, napalilia mahindi na kumnunia kwa sababu Jumapili ile hakunipigia simu.

Nilikwenda kumchukua peke yangu. Binti yetu ni mjamzito, na kwetu mwenye mimba hasogezwi karibu na msiba. Walimchoma hukohuko kama sheria inavyotaka, nikakabidhiwa boksi la mbao lenye majivu yake, zito kuliko nilivyotegemea. Nikalifunga kwa kitambaa cheusi, nikanunua mwavuli mweusi wa kumkinga na jua, halafu nikampigia simu shemeji yangu, Shunping, mdogo wake marehemu.

"Unakuja na treni gani, shemeji?"

"Ya mwendokasi. Ile ya kulala."

Akapaza sauti. "Shemeji, umechanganyikiwa? Kaka ataifuata vipi hiyo? Yule hata baiskeli yangu alikuwa haipati!"

"Treni ya kawaida itafika mazishi yameshapita. Mnajimu umemtafuta wewe, siku mmepanga nyinyi. Sasa unataka nije na punda?"

"Basi mwite. Usiache daraja hata moja. Unanisikia? Hata moja."

Sikuhitaji kufundishwa. Mtu wetu akifia mbali, roho yake hairudi yenyewe kwa sababu haijui njia. Anayembeba ndiye anayemwongoza kwa mdomo. Mkipanda gari unamwambia tunapanda. Mkiingia kwenye handaki unamwambia giza hili ni la muda, usiogope. Na mkifika penye daraja lazima umwite avuke, maana roho inaogopa maji. Usipomwita anabaki ng'ambo ile, anazurura miaka nenda miaka rudi kwa watu wasiomjua, na unachokwenda kukizika nyumbani ni majivu tu. Nilimchukua mume wangu nimrudishe yeye, sikwenda kuchukua majivu.

Kilichonitisha zaidi ni maneno yake mwenyewe. Kila Mwaka Mpya alirudi kwa treni ya zamani, ile ya kijani, ameketi mchana na usiku kucha, miguu imevimba hadi viatu vinagoma kuvulika. Nikamwambia panda ile ya mwendokasi yenye vitanda, ulale kama binadamu. Akajibu, "Nilale huku kitu kinakimbia vile? Nitaamka mwili uko nyumbani, roho imebaki Wuhan, katikati ya safari, inauliza njia." Tulicheka sana siku ile, mimi na binti yetu. Nilipokuwa nakata tiketi Guangzhou kicheko kile kilinirudia.

Na bado nikaikata. Siku ya mazishi ilikuwa sababu, lakini haikuwa sababu pekee. Nilitaka mara moja maishani mwake asafiri amelala. Maishani mwake, nasema, kana kwamba bado anayo.

Pale stesheni nilimwambia, "Mbishi, tunapanda. Inua mguu, kuna uwazi hapa katikati." Watu nyuma yangu wakadhani naongea na simu.

Chumba chetu kilikuwa cha vitanda vinne. Vya juu walichukua wanaume wawili wa maofisini, wakapanda, wakavuta pazia, sikuwaona tena mpaka asubuhi. Kitanda cha chini cha upande wa pili kilikuwa na mwanamke wa rika langu, mnene, mwenye uso wa bashasha, na kila mahali palipobaki wazi palijaa mifuko yake myekundu.

"Karibu dada, karibu! Usinishangae, nimehama na duka zima. Namwoza binti yangu kesho, Shijiazhuang. Kapata Mkaskazini. Nimemkataza, nimelia, nimegoma kula, wapi! Basi naenda kumwoza." Akacheka, akachota pipi za harusi kwenye mfuko, akaninyooshea gao zima. "Mimi Ouyang. Chukua, chukua."

Nikarudisha mikono nyuma. Mwenye msiba hagusi pipi za harusi. Weupe wetu wa msiba haukupaswa kugusa wekundu wao wa harusi. Ua langu jeupe la msiba nililivua kichwani mapema ili nisiwatie watu kisirani safarini, kwa hiyo angejuaje?

"Asante, dada. Situmii vitu vitamu."

"Nani kakwambia utumie? Tia mfukoni tu. Pipi ya harusi haikataliwi."

"Siwezi."

Akazirudisha mfukoni moja moja, polepole, ili nimwone. "Nilimwambia binti yangu watu wa kaskazini wana maringo. Haya, nimejionea, na treni haijaondoka."

Nikalilaza boksi kitandani kwangu upande wa ukutani, nikalifunika blanketi, mwavuli juu yake. Nyumbani, kwenye kitanda chetu cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, Mbishi alilala ukutani siku zote. Alidai upande wa mlangoni una upepo. Mimi mwenye kikohozi ndiye nilale kwenye upepo! Nilimgombeza kwa hilo tangu ujana wetu, na usiku ule nikamlaza ukutani bila hata kufikiri.

Treni ikaondoka bila mtikisiko, ukiangalia chai kwenye kikombe huwezi kujua kama tumeanza. Giza likaingia, Ouyang akala kuku wake, akajifunika, akaanza kukoroma kwa hasira. Mimi nikasogeza uso dirishani.

Mwanzoni palikuwa na milima. Nikasema, "Mbishi, handaki, giza hili ni la..." tukawa tumeshatoka. Nikasema, "Haya tumetoka," tukawa tumeingia jingine. Maneno ya kuiongoza roho yalitungwa na watu wanaotembea kwa miguu, na mimi nayasema ndani ya kitu kinachomaliza mlima kabla sijamaliza sentensi. Nikayafupisha. "Giza. Mwanga. Giza. Inama. Mwanga." Mtu angenisikia angeniletea polisi.

Mlima ukaisha, likaja tatizo kubwa zaidi. Mhudumu wa behewa alipita, mwanamke wa makamo mwenye skafu shingoni, nikamshika mkono.

"Mama, samahani. Nataka kujua madaraja yako wapi. Ukinitajia tu yakikaribia, nitashukuru."

"Madaraja?" Akanitazama. "Mama, toka hapa mpaka kwenu reli hii imejengwa juu ya nguzo. Yote ni daraja. Mashamba yako chini, sisi tuko juu."

"Basi wapi si daraja?"

Akafikiri. "Stesheni." Akafikiri tena. "Ingawa hata stesheni nyingine ziko juu ya nguzo."

Akaona mwavuli. Akaona nilivyoliegemea blanketi. Wahudumu wa treni wanajua mengi. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Tukifika Mto Yangtze nitakugongea. Na Mto Njano pia. Hiyo ndiyo mikubwa." Nikamwinamishia kichwa.

Nikakaa nikawaza. Ikiwa njia yote ni daraja, basi niseme njia yote. Nikalala ubavu, nikasogeza mdomo kwenye blanketi, nikaanza kumwambia mume wangu kila kitu ili sauti yangu isikatike na yeye asipotee.

"Mbishi, tuko darajani. Nifuate. Mahindi yamefika kiunoni, yale ya upande wa kisima yana umanjano kidogo, ulisema mbolea inatosha, haikutosha. Vuka. Nguruwe nimemuuza, usiniulize kwa nini, alikuwa anakula kuliko mimi. Bado daraja, Mbishi, usisimame. Binti yako tumbo limechongoka mbele, wanawake wote wanasema mtoto wa kiume, wewe ungesema wa kike, najua. Njoo, njoo. Paa la jiko linavuja palepale ulipoziba. Nilikwambia kile kiraka hakitashika..."

Nikagundua jambo. Miaka yote ile alipokuwa kusini tuliongea Jumapili kwa Jumapili, na simu zetu zilikuwa ugomvi mfupi: umekula, nimekula, hujala wewe, nakwambia nimekula. Hatukuwahi kuongea hivi. Sikuwahi kumpata usiku mzima, amelala, amenyamaza, ananisikiliza. Nikaona uchungu, na pia, naona haya kusema, nikaona raha.

Mlango ukagongwa. "Mama," mhudumu akanong'ona, "Yangtze."

Nilifungua pazia, nikapiga magoti kitandani, nikalikumbatia boksi. Kule chini palikuwa na weusi mpana na taa za meli ndogo ndogo. Nikasahau kunong'ona. "Mbishi! Mto mkubwa huu, shika nguo yangu! Usitazame chini! Vuka, vuka, vuka!" Nikaweka karatasi ya pesa za wafu, ya kumlipia njia, kwenye ukingo wa dirisha, maana ilitakiwa kurushwa mtoni na dirisha la treni hii halifunguki.

Taa ya upande wa pili ikawaka. Ouyang alikuwa ameketi, nywele zimesimama, anatazama boksi, anatazama mwavuli, anatazama ile karatasi.

"Hicho ni nini?"

Nikalivuta blanketi juu ya boksi.

"Nakuuliza, hicho ni nini? Ni mtu?"

"Ni mume wangu."

"Mama yangu!" Akaruka kutoka kitandani, akaanza kukusanya mifuko yake kifuani. "Namwoza mwanangu kesho! Nimelala chumba kimoja na maiti! Toka jioni nakupa pipi, nacheka na wewe, kumbe umenilaza na maiti! Mhudumu! Mhudumu!"

Mhudumu alikuwa bado mlangoni. "Mama, sheria inaruhusu, mradi afungwe vizuri. Na treni imejaa, sina kitanda kingine."

"Basi nitakaa huko nje! Afadhali nife kwa baridi ya kiyoyozi!" Akatoka na wekundu wake wote, akakaa kwenye kiti cha kukunjua cha korido, akaufunga mlango kwa kishindo. Wale wa juu hawakutikisika. Sijui maofisini wanachoshwa na nini.

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi na binti yangu ndiye anayeolewa, ningepiga kelele kuliko yeye. Lakini sikuwa na nafasi ya kumfuata nimwombe radhi, daraja lilikuwa linaendelea. Nikarudi kwenye blanketi.

"Mbishi, umenisababishia aibu. Tuko darajani, twende. Yule mama kakasirika. Mapema alinipa pipi za harusi, nikazikataa, akanuna, akasema nina maringo. Ningezichukua ningemchafulia binti yake, na yule binti hajatukosea chochote. Binti yetu tulimwoza na hukuwepo, ulikuwa huku kusini na vigae vyako, ukatuma pipi kwa basi zikafika zimeyeyuka. Vuka, mume wangu. Alizila hivyohivyo, pamoja na karatasi zake, akasema ni tamu."

Mlango ukafunguka. Ouyang alisimama pale, mifuko mikononi; kumbe alikuwa akinisikia kutoka koridoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungelala?"

Akafikiri. "Nisingelala." Akaingia, akaketi kwenye ncha ya kitanda chake, akatazama boksi kwa wasiwasi. "Kwetu wanasema harusi na msiba vikikutana njiani, vikipishana hivihivi ni balaa. Lakini wenyewe wakipeana kitu, balaa inakufa. Una kitu cha kunipa? Kisiwe cha kwake."

Kwenye begi nilikuwa na kunazi kavu za kwetu, nilizowapelekea wenzake wa bwenini, zikabaki kidogo. Kwetu kitanda cha bibi harusi hunyunyiziwa kunazi. Nikampa zote. Alizinusa, akatabasamu bila kutaka, akazitia kwenye mfuko wa mbali kabisa. Kisha akakata uzi mwekundu kwenye kifurushi chake, akaufunga kwenye mpini wa ule mwavuli, haraka haraka kama mtu anayegusa sufuria la moto.

"Yamekwisha," akasema. "Sasa uongee naye polepole, mwenzio nina harusi ya kucheza kesho."

"Nitakaa macho mpaka Mto Njano."

"Kaa."

Naweza kusema nilichoka, na ni kweli. Tangu simu ile ya kifo nilikuwa sijalala usingizi wa maana. Lakini sikulala kwa uchovu tu. Nililala kwa sababu alikuwa ukutani na mimi upande wa mlango, blanketi moja, nikimsimulia mambo ya nyumbani gizani, na mwili wangu ukadhani tuko nyumbani. Ukadanganyika. Ukaachia.

Nilipofumbua macho palikuwa kweupe. Nje palikuwa tambarare, mahindi, miti ya mipopla kwenye mistari, na vumbi lile la rangi ya kwetu. Hakuna mtu wa Hebei asiyeijua ardhi hiyo. Mto Njano ulikuwa nyuma yetu, mbali, na mimi nilikuwa nimelala.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Nikalishika boksi, nikalitikisa kama mtu anayemwamsha mlevi. "Mbishi! Mbishi! Uko hapa?" Hata uzito wake niliuona umepungua. Nikamwona amesimama ng'ambo ya mto, kwenye matope, na suruali yake ya kazi yenye saruji magotini, anaangalia treni inavyopotea, hajui pa kwenda. Alisema mwenyewe kwamba ataachwa. Aliniambia, na mimi nikacheka.

"We mama! We mama, tulia!" Ouyang alinishika mabega. "Amevuka! Nakwambia amevuka!"

"Nililala! Hakuna aliyemwita!"

"Nilimwita mimi."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, nywele zilezile za usiku.

"Mhudumu aligonga. Nikakutikisa, wapi, umelala kama gogo. Nikasema huyu akiachwa huyu mama atakufa naye, na mimi sitaki kupeleka vifo viwili harusini. Nikamwita."

"Jina lake hulijui!"

"Nisilijue? Usiku kucha Mbishi, Mbishi, Mbishi, hata mwanangu simtaji hivyo." Akalainisha sauti. "Nilimwambia, shemeji Mbishi, mimi hunijui, lakini mto mkubwa umefika. Mkeo amelala. Vuka taratibu, usimwamshe."

Usimwamshe. Kila mwaka, sikukuu zikiisha, alikuwa akiondoka alfajiri kurudi kusini. Alivaa viatu nje ili sakafu isilie. Nikiamka nanyoosha mkono ukutani, nakuta pamepoa. Nilimgombeza kila mwaka kwa simu, kwa nini huniamshi, na kila mwaka akabisha kwamba aliniamsha, mimi ndiye niliyekuwa nimelala fofofo. Mwanamke huyu wa kusini alijuaje kumwambia neno hilo?

Nililia. Nililia kama watu wanavyolia vijijini kwetu, kwa mdomo wazi, mpaka wale wa juu wakafunua pazia. Ouyang alikuwa anafuta macho.

"Usidhani namlilia mumeo," alisema. "Mimi nina harusi. Nalia kwa sababu sijalala."

Baadaye nilimuuliza kama anadhani Mbishi alimfuata kweli, mtu asiye ndugu yake. Akasema atajuaje, yeye hakumzoea. Mimi ndiye niliyejijibu. Yule akiitwa na mtu asiyemjua alikuwa mwepesi kama kijana. Jirani akitaka kuchimbiwa shimo, mpita njia akitaka kusukumiwa gari, yeye huyo mbiombio. Aliyebishiwa ni mimi tu.

Tulipokaribia Shijiazhuang, Ouyang alichukua pipi moja, akaiweka juu ya blanketi, upande wa ukutani. "Si yako," akasema. "Ni yake. Yeye hana masharti." Tuliposhuka, ndugu za bwana harusi walikuwa wakimngoja na maua mekundu. Alinipita bila kunitazama. Hakuniaga, na sikutaka aniage, maana jamaa wa harusi hawakupaswa kujua alilala na nani.

Shunping alikuja na kigari chake cha mizigo, kitambaa cheupe kichwani. Hakunisalimu kwanza.

"Umeita yote?"

"Yote yameitwa," nikasema.

Kutoka mjini nilimwita kila tulipovuka, sauti imenikauka, imebaki mkwaruzo. Nikawa najua tunakokwenda, na kadiri tulivyokaribia nikawa nasema polepole zaidi. Kabla ya kijiji chetu kuna kijito, na juu ya kijito kuna daraja la saruji, fupi, mbuzi analiruka. Ng'ambo yake nikasikia zumari za msiba zinanijia, na nikaona turubai jeupe uani kwetu. Shunping akasimamisha gari.

"Shemeji, la mwisho hili. Mwite, akishavuka amefika."

Nikashuka na boksi langu, nikafungua mwavuli. Nikasimama.

Akishafika haitwi tena. Hiyo nayo ni desturi yetu. Mtu akishaingia kwake, kumwita ni kumsumbua, hatatulia. Unalia, unainama, unachoma karatasi, lakini kumwambia njoo, nifuate, shika nguo yangu, hilo limekwisha. Usiku kucha nililaani wingi wa madaraja. Sasa limebaki hili moja, na mimi nilitamani reli ile ianze upya, nguzo kwa nguzo, kutoka Guangzhou.

"Shemeji," Shunping akasema kwa upole, "watu wanangoja."

"Wangoje. Muache apumzike hapa kidogo. Ametembea sana."

Akazima gari. Akawasha sigara, akaigeuza vidoleni bila kuivuta. Nikamwambia mume wangu habari za mahindi, kwamba hayo anayoyaona kulia ndiyo yetu. Nikamwambia nitaziba paa. Nikatafuta kitu kingine cha kumwambia, na vitu vyote nilikuwa nimeshavisema njiani.

"Mbishi," nikasema, "daraja. Vuka."

Nikasubiri. Tangu tuoane sikuwahi kumwambia jambo akalifanya mara ya kwanza. Nilijua kabisa angejibu nini. Angesema hili si daraja, wewe mwanamke, hili ni kalvati tu. Nikampa muda aseme. Upepo ukapita kwenye mahindi, zumari zikaendelea, Shunping akatupa sigara.

Nikainua mguu, nikavuka, naye akavuka. Hakubisha. Hapo ndipo nilipojua kwamba mume wangu amekufa.